Sabuni Nyekundu ya Baba

Mimi natengeneza sabuni. Nasema mapema, kwa sababu watu wakisikia hivyo huniuliza kama ni ile ya maji ya kusugulia vyoo, na swali hilo silipendi. Yangu ni ya kipande, ya kuogea mwili wa binadamu. Naipika mwenyewe uani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, na wasichana wa chuo kule Chimwaga wananijua. Ya kijani ina mwarobaini, ya njano ina manjano na asali, nyeupe ni ya watoto wachanga. Nyekundu sikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuniomba nyekundu mpaka baba yangu alipokuja kuishi kwangu.

Baba alitoka Busi, kijijini kwetu, baada ya mama kufariki. Kumbe alikuwa ameanza kusahau tangu zamani, ila mama alikuwa anamsitiri. Akisahau kama amekula, mama anasema, "Si umekula sasa hivi, mzee?" Akija mtu, mama anataja jina lake kwa sauti tangu mlangoni, ili baba alisikie. Mama alipoondoka ndipo sisi watoto tukaiona hali yenyewe. Tukakaa kikao, tukanywa chai birika zima, ikaamuliwa mzee aje kwangu kwa kuwa mimi nashinda nyumbani. Nashinda nyumbani, ati! Mtu anakoroga sufuria la sabuni tangu kumekucha mgongo unamuuma, anaambiwa anashinda nyumbani. Lakini sikubisha, kwa sababu baba yangu nilimtaka.

Hapa kwangu alikaa kama mgeni mwenye adabu zake. Asubuhi nikimwambia, "Shikamoo, baba," anajibu, "Marahaba, mama, mmeamkaje hapa?" Kisha ananishukuru kwa kumhifadhi na kuniarifu kwamba kesho ataondoka, asituchoshe. Hakujua mimi ni nani. Aliniita mama mwenye nyumba. Mume wangu, mwenye mvi kichwa kizima, alimwita kijana, na mume wangu akatembea na jina hilo kifua mbele wiki nzima.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni kuoga.

Baba alikuwa bado ana nguvu za kujiogesha mwenyewe. Ukimpa ndoo ya maji ya uvuguvugu anaibeba, anaingia bafuni, anafunga mlango. Mimi nasimama nje, maana mtoto wa kike haingii kwa baba yake. Husikii maji yakimwagika. Halafu mlango unafunguka kidogo, mkono unatoka na sabuni.

"Mama, chukua sabuni yenu."

"Oga tu, baba. Ni yako."

"Hapana. Yangu ni nyekundu. Siwezi kutumia sabuni ya watu."

Basi. Anatoka mkavu vilevile alivyoingia, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Maji matupu naye hayataki, anasema mtu akijimwagia maji matupu amejilowesha tu, hajaoga. Na mimi nilimwelewa, jamani. Ndivyo alivyotulea. Ukienda kwa watu, hugusi sabuni yao wala taulo lao mpaka wenyewe wakukabidhi, na hata wakikukabidhi unatafuta yako kwanza. Akili ilikuwa imempotea kwa mambo mengi, lakini adabu haikumpotea.

Sabuni aliyokuwa anaitaka naijua. Ilikuwa kipande kikubwa, chekundu cha kuiva, na harufu yake ya hospitali. Ndiyo iliyotukuza sisi sote. Baba alikuwa haikati kwa kisu. Alichomoa uzi kwenye gunia, akauzungusha katikati ya sabuni, akavuta ncha mbili, sabuni ikaachana pande mbili laini kabisa. "Kisu kinavunja," alikuwa anasema, "uzi unakata." Nilipopelekwa shule ya bweni, kila alipokuja kunitembelea aliniletea nusu, nusu nyingine imebaki nyumbani. Wasichana wenzangu walikuwa na sabuni za pinki zenye marashi, wakinisikia napita wanaziba pua, "Daktari huyo anakuja!" Nami nawajibu kwamba daktari huja palipo na wagonjwa, wajiangalie. Nilikuwa na mdomo mimi tangu zamani.

Nikaenda kuitafuta mjini. Duka kwa duka, sokoni mpaka stendi. Vijana wa madukani wananiletea ya pinki, ya machungwa, ya kijani, wananiambia zote ni zilezile, mama, harufu tu. Mzee mmoja mwenye duka ndiye aliyenielewa. Akatabasamu, akaniambia, "Ile? Ile haiji tena, dada yangu. Hata mimi naitamani." Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Huku ngozi ya baba ikaanza kuharibika. Kwapani na mapajani ikawa inachubuka, na Dodoma hii na vumbi lake na upepo wake, unajua mwenyewe. Nesi wa zahanati akanipa dawa ya kupaka na kuniambia dawa juu ya uchafu ni kazi bure. Mzee aoge kila siku, la sivyo vidonda vitaingia ndani na kwa umri wake havitapona.

Kaka yangu mkubwa akaja kutusalimia, nikamweleza. Akasema nyie mnamdekeza mzee. Mgonjwa haulizwi uji, akasema. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akamwita mume wangu, wakamwingiza baba bafuni wakafunga mlango.

Nilisikia ndoo ikianguka. Halafu nikamsikia baba. Hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele. Alikuwa analia huku anawauliza, "Nimewakosea nini, vijana? Nimewaibia nini?" Alidhani anapigwa kama mwizi. Nikaugonga ule mlango kwa ngumi zote mbili, nikawaambia wafungue au nitauvunja, na wote wawili wanajua mimi nikisema navunja, navunja. Wakafungua. Baba alikuwa amesimama pembeni amejikunyata, maji yanamtiririka, anatetemeka, na jicho alilonitazama nalo sitaki kulieleza.

Nikamwambia kaka yangu kwamba ndani ya uzio huu hakuna atakayemshika tena baba yangu. Akaniambia sawa, mwogeshe wewe basi. Akirudi akakuta hali ni ileile, anamchukua, atamkalisha kwake na vijana wawili wenye nguvu wa kumhudumia. Na kaka yangu si mtu mbaya, mjue. Alikuwa anaogopa vidonda kama mimi. Lakini mimi nilikuwa nimekwishamsikia baba akilia, na nikajua wale vijana wawili watamwua kabla ya vidonda.

Nikasema kama ni nyekundu, nyekundu ataipata. Mimi si mtengeneza sabuni?

Loh, nilijiamini sana. Nikaanza na choya, ile rozela kavu tunayochemshia juisi. Nikaichemsha mpaka ikatoa wekundu wa kukupendeza macho. Nikaimimina kwenye mafuta ya alizeti na nazi pamoja na kostiki, hiyo dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nikakoroga. Wekundu ukageuka zambarau, zambarau ikageuka kijani, kijani ikaishia rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Mbele ya macho yangu! Kostiki haina adabu kwa rangi za maua na matunda. Na mimi mtu mzima, mpika mlenda, niliyekua naona magadi yanavyochezea rangi ya mboga sufuriani, nilipaswa kujua. Nikaikata vipande, nikafulia madekio.

Nikajaribu mawese. Yakanipa rangi ya chungwa, nzuri kweli, lakini chungwa ni chungwa. Nikazidisha manjano, maana manjano yakikutana na kostiki huwa mekundu ghafla, kama umemwaga damu sufuriani. Nikapiga kigelegele peke yangu uani mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani kaolewa. Kulipokucha sabuni imeshika, na wekundu umeondoka zake, imebaki rangi ya embe. Jirani akaniuliza bibi harusi yuko wapi, nikamwambia ametoroka.

Basi nikanunua rangi ya unga, ile ya dukani. Kidogo ikatoa pinki ya keki ya watoto. Nikasema, aha, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nikaongeza kwa mkono wa hasira. Ikawa nyekundu kama kofia ya sherehe. Nikaipika siku ileile iive kabisa isimchome, nikaiacha ikauke, nikaiweka bafuni mahali pake. Baba akaingia. Nikasikia maji. Kumbe alikuwa anaiosha tu ile sabuni aione vizuri. Halafu mlango ukafunguka, akatoka hadi juani akiwa amevaa nguo zake zote, amenyoosha viganja mbele yangu, povu jekundu linamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Mama," akaniambia polepole, "nimeumia wapi?"

Nikamnawisha mikono na maji safi huku namwambia hujaumia, baba, hujaumia popote, ni rangi tu. Aliendelea kujikagua mpaka jioni. Siku hiyo nililia, sina haja ya kuficha. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikalia kwa kwikwi, na mume wangu akaja akasimama tu hapo, asijue aweke wapi mikono yake.

Ndiye aliyenipa wazo, bila kujua. Alinishika bega akasema, "Mama watoto, hiyo rangi unayoitafuta mbona mimi naiona kila tukienda kwenu? Viatu vyangu vinarudi hivyo hivyo." Nikanyanyua kichwa. Udongo wa Busi! Udongo wa shamba la baba, ule mwekundu ambao ukigusa nguo nyeupe umeiaga. Na udongo si ua wala tunda, kostiki itaufanya nini?

Nikampigia simu shangazi, dada yake baba, nikamwomba anijazie mfuko wa udongo anitumie kwa basi. Shangazi akanong'ona, "Mwanangu, una mimba?"

"Shangazi, kwa umri huu?"

"Nauliza tu. Mtu mzima haagizi udongo bure. Mimba zako zote nilizibaini mapema."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Udongo ukaja. Nikauloweka, nikaukoroga, nikaacha mchanga utuame, nikamimina maji yale mekundu chombo kingine, nikaacha tena, nikachuja kwa kitambaa, mpaka ukabaki ute laini ambao ukiusugua kwenye vidole husikii chembe hata moja. Nikauanika, nikautwanga, nikauchekecha. Nikauchanganya kwenye mafuta na kostiki, na mawese kidogo. Nikatia na mafuta ya mkaratusi na karafuu, angalau harufu isogelee ile ya hospitali. Sabuni ilipokauka nikaitoa uani, nikaishika juani. Jamani! Ilikuwa yenyewe. Rangi ile ile, kama baba ameibeba kwenye mfuko wa koti siku ya kututembelea. Niliinusa, nikaibusu, nikaiweka bafuni kwenye kisahani chake.

Baba akaingia. Mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka.

"Mama, chukua sabuni yenu. Hii nyeusi."

"Baba, hii nyekundu!"

"Nyeusi," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Samahani lakini."

Hapo nilichoka. Nikasema basi, macho nayo yameondoka pamoja na mengine, na hata nikimletea ile ya zamani kutoka kiwandani ataikataa. Na kaka alikuwa amekwishapiga simu kwamba mwisho wa mwezi yuko njiani. Nikaanza kufikiria begi la baba, nguo gani nimfungie, nani atamkumbusha kule kwamba chai haendi nayo kitandani. Nikawa namkasirikia kila mtu, hata marehemu mama kwa kututangulia.

Kesho yake niliingia kusugua bafu. Nikiwa na hasira mimi husugua. Nilipouvuta mlango msumari ukanichana kidole, nikakitazama. Damu yangu ilikuwa nyeusi. Nyeusi kama oili chafu ya gari! Nikatoka nje mbio nikimwita mume wangu kwamba nakufa, damu yangu imeoza. Akaja na kijiko cha uji mkononi. Akakishika kidole changu akakigeuza.

"Mbona nyekundu?"

Nikaangalia. Nyekundu. Nikarudi ndani ya bafu, nyeusi. Nikatoka nje, nyekundu. Nikaingia tena. Mume wangu akawa ananitazama ninavyoingia na kutoka na kidole juu, nadhani alianza kuwaza na yeye atafute kikao cha ndugu. Ndipo nikainua macho juu.

Bafu letu halina dirisha. Tulipolijenga, fundi alituwekea kipande cha bati la plastiki cha kijani juu ili mwanga uingie, na kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukiogea chini ya ukijani ule, tumeuzoea, hatuuoni. Nikaichukua sabuni yangu kisahanini, nikaitazama humo humo ndani. Ilikuwa nyeusi, ukijani ule unaumeza wekundu wote. Baba alikuwa anasema kweli. Kila siku mzee wa watu alikuwa anasema kile anachokiona, na mimi, mwenye akili timamu, nasimama nje juani na kumwambia haoni. Na kule Busi, bafu lao lilikuwa uzio wa mabua ya mtama nyuma ya nyumba, juu ni mbingu tupu. Sabuni ile hakuwahi kuiona ila kwenye jua.

Sikumngoja fundi. Nilipanda kwenye pipa la maji na nyundo ya mume wangu, nikang'oa misumari, nikalivuta bati lile mpaka likashuka na vumbi lake lote kichwani mwangu. Simu ikaita, ni kaka. Nikamwambia niko juu ya bafu sina nafasi. Mume wangu chini anashika pipa lisiyumbe, anauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mama watoto, mvua ikinyesha?" Nikamwambia tutakuwa tunaoga, si tutalowa tu.

Nilisubiri jua lipande, upepo upungue. Nikatundika kanga mbili upande wa upepo. Nikachemsha maji, nikaweka ndoo, nikaweka sabuni kisahanini, na jua likawa linaipiga. Nikamwita.

"Baba, maji tayari."

"Nashukuru, mama. Mnajisumbua."

Akaingia, akafunga mlango. Nikasimama nje na taulo. Nikaangalia ule upenyo wa mlango, nikasubiri mkono utoke.

Nikasikia maji. Bakuli la kwanza, la pili, halafu ile sauti ya viganja vinavyosugua. Halafu akaanza kuimba, ule wimbo wa kupalilia wa kwetu ambao sijausikia tangu nikiwa binti, maneno yote amekamilisha, hakukosa hata moja. Mume wangu aliacha anachofanya akaja kusimama kando yangu. Nikampungia taulo anyamaze, ingawa hakuwa amesema kitu.

Alikaa humo muda mrefu. Nikampitishia taulo, akatoka amevaa shati safi, uso unang'aa, harufu ya karafuu na mkaratusi imemzunguka. Nikamwambia, "Umeoga, baba."

"Nimeoga, mama. Nimekuta sabuni yangu."

Mkononi alikuwa na kitu amekifunga kwenye leso yake. Uzi mmoja ulikuwa unaning'inia kwenye pindo la taulo, palipochomolewa mwenzake. Akanifungulia leso nione. Nusu ya sabuni, nyekundu, bado mbichi kwa maji, imekatwa laini kabisa.

"Naomba nikutume," akasema. "Nina binti yangu yuko shule, bwenini. Wenzake wanamcheka, lakini usimwonee huruma, ana mdomo yule, anawajibu. Mfikishie hii. Mwambie asiiache kwenye maji, inaisha upesi. Na mwambie nusu nyingine ninayo mimi huku."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nitaifikisha leo leo.